Springi Iliyozunguka kwa Vidole Viwili

Nyie mnaoshika spana leo mna bahati ambayo sie hatukuwa nayo. Mkitaka kujua jinsi gari linavyoshushwa, mnafungua simu, mnamwona fundi wa nchi za watu amevaa glavu safi, anatoa springi ndefu, anaweka fupi, gari linalala chini kama paka anayetaka kuruka. Video inaishia hapo. Hawawaonyeshi gari hilo hilo wiki ya pili, lina watu ndani na mizigo kwenye buti, linaukabili mteremko wa Pugu. Hiyo sehemu nimeiona mie, na ndiyo ninayotaka kuwasimulia.

Naitwa Rashidi. Spana nimeshaziweka chini. Magoti yalinitangulia kustaafu. Kazi yangu ilikuwa springi, shokapu na bushi, vitu vya chini ya gari. Nilijifunzia Kiwalani, nikaja kumalizia Gongo la Mboto kwenye uwanja wenye shimo moja la kuingilia chini ya gari na bati la kukingia jua. Mafundi wa injini walikuwaga wanatucheka. Wanasema sie tunatibu miguu na wao wanatibu moyo. Nilikuwa nawajibu hivi: injini ikifa, gari linasimama lenyewe. Kule chini kukifa, ndipo unapoanza kulitafutia pa kusimama.

Zamani hapakuwa na springi fupi za kununua. Mtu akitaka gari lake lishuke, springi inakatwa kwa grainda, pete moja au mbili, au inachomwa kwa gesi mpaka iwe nyekundu na kujikunja yenyewe. Aliyenifundisha kazi, Mzee Nandonde, mtu wa Masasi mwenye mikono mizito na sauti ndogo, alikuwa hakubali kuchoma. Alisema chuma kilichochomwa hivyo kimeshasahau kazi yake. Na kweli. Tuliletewa gari la mfanyabiashara mmoja wa manukato, springi zote nne zilichomwa na fundi mwingine. Likipita kwenye tuta, abiria wote wanashuka, yeye analivusha kwa upande kama anayevusha kabati mlangoni, halafu abiria wanapanda tena. Mke wake alikuwa ameanza kubeba viatu vya kutembelea. Mzee Nandonde alilizunguka gari lile mara moja akamwambia, "Bwana, hili sasa ni la kuangalia. Nunua na la kupandia."

Tulicheka siku nzima. Lakini msije mkadhani mzee alikuwa anachukia kushusha gari. Alinieleza faida zake bila kinyongo. Gari likiwa chini, uzito wake uko karibu na ardhi. Ukikata kona halilali upande. Springi fupi lazima iwe ngumu kidogo kuliko ya kiwandani, maana nafasi ya kucheza imepungua, na huo ugumu unaufanya usukani ujibu haraka. Ukiligeuza, limeshageuka. Ni raha hiyo, siwezi kukataa.

Gharama zake ndizo zinazojificha. Shokapu ya kiwandani ilitengenezwa kwa springi ndefu. Ukiiwekea fupi inaishi imekunjwa, inagota kwenye raba yake kila ukigusa rasta, vile vituta vyembamba vya barabarani, na mafuta yake yanavuja kabla ya wakati. Gari linakuwa gumu, linarusharusha, meno yanagongana. Matairi yanainama kwa ndani na kulika upande ambao mwenye gari haoni, mpaka siku nyuzi zinachungulia. Kwa hiyo ukishusha, badilisha na shokapu ziendane na springi, halafu peleka alaimenti, magurudumu yapimwe na kunyooshwa. Usiache hata kimoja.

Na kuna jambo moja zaidi. Mzee Nandonde alinifundisha siku ya kwanza niliposhika springi. Tulikuwa tumemaliza kufunga, gari bado liko kwenye jeki, magurudumu ya nyuma yananing'inia hewani. Nikaanza kulishusha.

"Subiri," akasema. "Shika springi, uizungushe."

Nikaishika kwa mikono miwili, nikajaribu. Haikwenda popote.

"Nzuri. Ikikataa kuzunguka, imebanwa. Ikizunguka, ujue siku gurudumu litakaponing'inia barabarani, itatoka. Springi haijui kama gari liko kwenye jeki au liko juu ya tuta."

Maneno yenyewe ndiyo hayo. Niliyasikia nikiwa kijana, na nikayafuata miaka mingi bila kuyafikiria.

Sasa niwaambie kuhusu Deo.

Deo alikuwa karani, mwenyeji wa Njombe, mtu mpole anayevaa shati la mikono mirefu hata Jumamosi. Mke wake, Neema, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Walikuwa wamejenga Chanika kwa miaka mingi, tofali kwa tofali, na nyumba ilikuwa imefikia kuezekwa. Mama yake Deo alikuja kutoka Njombe kuiona, na Jumamosi hiyo waumini wenzao walikuwa wanawasubiri huko kuiombea.

Gari lao lilikuwa dogo, la milango minne, ambalo nyuma yake springi imekaa peke yake kwenye kikombe cha chuma na shokapu iko pembeni. Kumbukeni hilo. Kuna magari ambayo springi imefungwa pamoja na shokapu, haiwezi kukimbia. Hili lilikuwa la kikombe. Springi haishikiliwi na kitu chochote isipokuwa uzito wa gari.

Deo alikuja na springi fupi kwenye boksi, nduguye alimletea.

"Fundi, hili gari linanitisha kwenye kona za Pugu," akasema. "Linalala kama linataka kwenda kulala. Nimesoma, hizi zinalitibu."

"Zinatibu," nikamwambia. "Lakini zinataka na shokapu zake. Na raba za kugotea tuzipunguze."

"Hayo tutafanya wiki ijayo. Leo nina safari. Mama yuko kwa jirani hapo, amekaa na mikeka ya wageni."

Sikubishana. Hapo ndipo kosa langu lilipoanza, na halikuwa la kutojua. Nilifunga za mbele vizuri. Nikafunga za nyuma. Gari likiwa bado kwenye jeki, mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye springi ya nyuma kushoto, kwa mazoea ya miaka yote ile, na nikaigusa kwa vidole viwili.

Ikazunguka.

Ilizunguka kirahisi kabisa, kama kifuniko cha chupa kilichokwisha kulegezwa. Nikaitazama. Deo alikuwa amesimama nyuma yangu anaangalia saa. Nikajiambia: uzito wa gari utaishika. Nikajiambia: watakwenda polepole. Nikajiambia: wiki ijayo anarudi. Nikateremsha jeki, springi ikakandamizwa mahali pake, gari likakaa chini zuri, na Deo akatabasamu mpaka nikaona aibu kutotabasamu naye.

Waliondoka saa tisa alasiri. Mama mbele na mikeka yake miguuni, Mwalimu Neema nyuma, upande wa kushoto, amepakata sufuria la pilau lililofungwa kwa kitambaa. Alitoa mkono dirishani. "Ahsante, mzee wangu. Karibu Chanika."

Mie nikaingia kwenye gari lililofuata, la mzee mmoja mwenye bushi zilizokwisha. Nikalipiga jeki. Magurudumu yakaning'inia. Mkono wangu ukaenda tena wenyewe kwenye springi, nikajaribu kuizungusha.

Ikakataa.

Nilibaki nimeishika.  Nikaiona ile barabara yote kichwani mwangu: lami, rasta, mashimo yaliyoachwa na mvua, halafu matuta makubwa mbele ya shule, lile la pili limemwagwa refu kuliko la kwanza. Gari lina watu watatu na mizigo, linakandamizwa, linagota, linaruka. Na kila likiruka, springi inabaki haina mtu wa kuishika.

Nikampigia Deo. Simu inaita mpaka inakatika. Nikapiga tena. Baadaye nilikuja kujua simu ilikuwa kwenye mkoba wa mkewe, chini ya sufuria la pilau.

Nikakimbilia barabarani nikiwa na ovaroli na mikono ya grisi. Kijana wa bodaboda aitwaye Kassim, aliyezoea kupaki mbele ya uwanja wetu, akanitazama.

"Mzee, kuna nini?"

"Chanika. Twende. Kuna gari jeupe, lazima tulifikie."

"Wamekuibia?"

"Hapana. Mie ndiye niliyewaibia. Washa."

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Alinipa kofia ngumu ya abiria, akawasha.

Mie na pikipiki hatujawahi kupatana. Siku hiyo sikufumba macho hata mara moja. Tulipita Pugu nikiwa nakodoa kila gari jeupe. Kassim anapenya katikati ya malori, mie nampigia kelele aongeze mwendo, mie huyo huyo ninayewagombeza watu wa bodaboda kila siku. Nilikuwa naangalia pembeni ya barabara pia. Niliogopa kuona watu wamekusanyika.

Tuliwaona baada ya kona za Pugu. Gari linakwenda, limenyooka, kiuno chake kiko sawa. Nilivuta pumzi nikamwambia Kassim, "Lile. Msogelee."

Tukasogea mpaka tukawa nyuma yao. Hapo nikaona gurudumu la kushoto linatumbukia kwenye shimo. Lilishuka, likapanda, na likatoka na mlio ambao ningeutambua hata nikiwa usingizini, kaang', chuma kimekaa juu ya chuma. Kona ya nyuma ya gari ikabaki imeinuka kidogo kuliko mwenzake. Springi ilikuwa imepanda ukingo wa kikombe. Ilikuwa imesimama kwenye mdomo wake tu, haijatoka, haijaingia.

"Mpite! Mpite tumsimamishe!"

Kassim akaivuta pikipiki pembeni yao. Nikaanza kupunga mikono yote miwili, nikagonga dirisha la nyuma. Mwalimu Neema akageuka, akaona mtu amevaa kofia ngumu, amepakiwa kwenye pikipiki, anagonga kioo chake. Nyie mnajua Dar. Mnajua watu wa kwenye pikipiki wanavyopora mikoba. Nilimwona anapiga kelele. Nilimwona Deo anatazama kwenye kioo cha pembeni, halafu anapandisha dirisha.

Akakanyaga mafuta.

Hilo sikulifikiria. Mtu niliyemkimbilia kumwokoa, nilimwongezea mwendo. Nikaivua kofia nikaitupa barabarani ili anione uso, nikaita, "Deo! Deo! Ni mie fundi!" Upepo uliyachukua maneno yote. Na mbele yao nikayaona matuta ya shule.

La kwanza alilivuka kwa kasi na gari likaruka. Likatua likiwa bado zima. Kati ya tuta la kwanza na la pili ni kama hatua hamsini, na katika hatua hizo niliomba dua ambayo sikujua kama naijua. Akafika la pili. Sehemu ya nyuma ikapanda, magurudumu yakaning'inia hewani, na springi ikatoka. Niliiona kwa macho yangu ikidondoka, ikadunda kwenye lami na kubingirika kuelekea upande wetu. Kassim alikwepa. Mwili wa gari ukashuka juu ya tairi. Moshi, harufu ya mpira, halafu mlipuko, na gari likavutwa kushoto kama limeshikwa mkono, likaingia mtaroni na kugonga ukingo wa udongo.

Kassim akasimama, nikaruka chini. Halafu mama yake Deo akaanza kuita jina la Yesu kwa Kibena na Kiswahili pamoja, na ilikuwa sauti nzuri kuliko zote nilizowahi kuzisikia, kwa sababu mtu anayeita yuko hai.

Deo alitoka mwenyewe. Mama tulimtoa, anatetemeka lakini mzima. Mwalimu Neema mlango wake ulikuwa umejikunja. Tuliuvuta mie na Kassim na watu wengine wawili mpaka ukakubali. Kichwa kilikuwa kimegonga nguzo ya mlango, na bega la kushoto lilikuwa limeshuka chini kuliko la kulia. Wali ulikuwa umemmwagikia mpaka kwenye nywele. Hakulia. Alikuwa anarudia tu, "Mama yuko wapi? Mama yuko wapi?"

Deo akanitazama usoni ndipo akanitambua.

"Fundi? Wewe ndiye uliyekuwa unatufukuza?"

"Ni mie."

"Kwa nini?"

Kabla sijajibu, mwanamume mmoja alikuja ameishika ile springi, anaigeuzageuza. "Ona hizi," akawaambia watu. "Springi feki. Zinaletwa kila siku, zinaua watu." Wengine wakaitikia. Deo akaitazama springi, akatikisa kichwa, na nikaona lawama zake zinaelekea kwa nduguye aliyemletea. Nami, vijana wangu, nikanyamaza. Mlango wa kutokea ulifunguliwa mbele yangu, nikasimama hapo hapo bila kuufunga.

Springi ile haikuwa feki. Haikuwa hata na mkwaruzo. Ilikuwa springi nzuri iliyofungwa na mtu aliyejua kwamba haijabanwa.

Trafiki walikuja, wakapima, wakaandika. Mwalimu alipelekwa hospitali. Mtulinga ulikuwa umevunjika, na kwa sababu ya kichwa daktari alitaka abaki waendelee kumwangalia. Usiku huo na uliofuata sikula. Mke wangu Zuhura aliniuliza mara moja tu, nikamwambia yote. Akasema, "Sasa mie ndiye umeniambia. Mwenye bega amejua?"

Jumatatu nilikwenda. Deo alikuwa amekaa kwenye kiti pembeni ya kitanda. Mwalimu amefungwa mkono kifuani, uso umevimba upande mmoja.

"Shikamoo, mzee," akasema yeye, mgonjwa, ndiye aliyeanza.

"Marahaba, mwanangu." "Nimekuja kusema jambo. Springi si feki. Gari lilipokuwa kwenye jeki niliigusa ikazunguka. Ilitakiwa isizunguke. Nililijua hilo kabla hamjaondoka."

Deo akanyanyuka. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Na mama yangu ulimwona anapanda?"

"Nilimwona."

Akanitazama kwa muda mrefu. Nilitamani anipige. Alitoka nje, na viatu vyake nikavisikia mpaka mwisho wa korido.

Mwalimu Neema alikuwa amefumba macho. Nilidhani ananiruhusu niondoke. Kumbe alikuwa anafikiri.

"Gari liko wapi?"

"Limevutwa mpaka kwangu, kwenye uwanja."

"Litapona?"

"Litapona. Springi zake za zamani mliniachia. Nitaweka hizo, na shokapu mpya."

"Basi litengeneze wewe," akasema. "Mimi huwa namrudisha mtoto ubaoni pale pale alipokosea. Natoka Alhamisi. Uje utuchukue na gari hilo, utupeleke Chanika, uendeshe wewe." Akafumbua macho. "Na mke wako aje. Akae nyuma kushoto."

Nililitengeneza gari lile peke yangu, sikumruhusu mtu aliguse. Kila nati nilikaza mara mbili. Mwili uliojikunja niliunyoosha kwa siku mbili. Nilipomaliza nililiinua, nikashika kila springi kwa mikono yote miwili, nikaisukuma mpaka misuli ikauma. Zote zilikataa. Halafu nikaenda nyumbani na sikujua nianzie wapi.

"Anataka na wewe uje," nikamwambia Zuhura. "Anataka ukae pale alipokaa yeye."

Zuhura alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa. "Limepona?"

"Limepona."

"Saa ngapi tunaondoka?"

Alhamisi tulikwenda hospitali. Deo akakaa mbele, hakunisalimia. Mwalimu akakaa nyuma kulia, mto chini ya mkono uliofungwa. Zuhura akakaa kushoto, mikono mapajani. Nikaendesha. Nimeendesha magari mengi ya watu maishani, lakini sijawahi kusikia gari kama siku ile. Nilisikia kila kokoto. Kwenye kona za Pugu lilikuwa linalala upande, kama lilivyokuwa kabla, nami nikapunguza mwendo na likakubali. Rasta nilizipita, nikayafikia matuta ya shule, nikalipanda la kwanza kwa gia ya kwanza, nikalipanda la pili. Gari lilipanda, likashuka, likajikunja kidogo na kunyooka. Katika kioo nilimwona Zuhura ananitazama, hajaachia macho.

Baada ya lami tukaingia barabara ya vumbi ya kwenda kwao. Nyumba ikaonekana, bati jipya linang'aa, mama yake Deo amesimama barazani na kanga mbili. Nikaanza kupunguza mwendo nikate kushoto.

Deo akageuka nyuma. Mwalimu Neema alikuwa amelala fofofo, mdomo wazi, kichwa chake kimeegemea bega la mke wangu.

Deo akaninong'oneza, na ndiyo mara ya kwanza kunisemesha tangu Jumatatu.

"Pitiliza, fundi," akasema. "Zunguka kidogo. Hajalala tangu Jumamosi."